Akiba Haiozi

Daftari ni la kaunta, uti wake mwekundu,
kurasa za miraba kama za hesabu,
jalada limebanwa kwa mpira wa tairi la baiskeli
nililopewa na fundi wa hapo chini, Wete,
ngazi kumi na moja kutoka mezani kwangu.

Humu ndimo ninamoweka msimbo.
Wenzangu hucheka: una mtandao, una flashi,
una kompyuta ya kumeza maktaba nzima,
nawe unanakili kwa wino wa buluu
kama mtoto wa chuoni na ubao wake?

Nanakili. Umeme ukikatika siku moja na bando kuisha,
karatasi haiulizi nywila.

Ukurasa wa kwanza si mwandiko wangu.
Ni wa Faki Shaame, aliyekikalia kiti hiki
kabla ya kwenda Maskati:
mistari minne ya kugeuza saa.
Toa sita. Ikipungua moja, ongeza kumi na mbili.
Na pembeni: *mashine inadhani siku huanza
watu wakiwa usingizini. Ivumilie.*

Ukurasa wa saba, namba za simu,
na kila namna tunavyoziandika huku:
kwa sifuri, kwa alama ya kujumlisha, kwa vistari,
na yule wa Kojani aliyejaza, *muulize shemeji.*

Wa kumi na tisa, pishi za karafuu mbichi
kuwa shilingi, pasi na senti kudondoka njiani.
Huo umenilisha misimu minne.

Akiba haiozi, walisema.
Waliosema hawakuwahi kuweka msimbo.
Msimbo huoza. Huoza umekaa kimya, wala haunuki.
Unaufungua baada ya mwaka, ni ule ule,
nukta haikusogea, mabano yamefunga,
na haufanyi kazi:
ardhi uliyoisimamia imehama usiku
na hakuna aliyekuaga.

Na upo unaokuja umeshaoza.
Ukurasa wa ishirini na sita:
mistari mitatu niliyoiokota mtandaoni saa nane za usiku,
mifupi, safi, imenyooka kama uzi wa mwashi.
*Ondoa yanayojirudia.*
Niliipenda hata nikaipigia msitari kwa rula.

Msimu ule nikaipitisha kwenye orodha
ya wachumaji wa Mtambwe, malipo kwa simu.
Ijumaa, baada ya sala, akaja mtu wa makamo,
vidole vinanukia karafuu,
akavua kofia, akabaki mlangoni.
"Wenzangu washalipwa.
Mie nna pishi thelathini na nne, na risiti hii hapa.
Nimefutwa kwa kosa gani?"

Nikamuuliza jina.
Hamad Hamad Hamad.

Mashine ilisikia neno moja likitajwa mara tatu,
ikabakisha moja.
Kisha ikaliona lile moja halina baba wala babu,
ikalitupa.

Nilimlipa kutoka mfukoni, siku ile ile.
Hakunisuta. Aliomba maji,
akanywa, akataka kujua kama kompyuta ina dini.

Ukurasa sikuuchana.
Pembeni, kwa kalamu nyekundu, niliandika:
*Huyu si marudio.
Huyu ni mtu, na baba yake, na babu yake.*

Jana Mize, binti wa Konde anayejifunza kazi kwetu,
aliniomba daftari alipige picha.
Nikampa. Akafungua, akainama, simu karibu kabisa,
akaenda upesi: wa kwanza, wa saba, wa kumi na tisa.
Alipofika wa ishirini na sita nikachungulia kioo chake.
Mistari mitatu tu, inang'aa katikati.
Pembeni pote amepakata.

"Hiyo rudia," nikamwambia.
"Mbona msimbo wote umeingia?"
"Rudia."

Akaniangalia, akalisogeza daftari dirishani,
akarudi nyuma hatua moja, halafu nyingine,
mpaka Hamad wote watatu wakaingia.